Mbolea ya maji ya majani kwa bustani za Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila anayepita bustanini kwangu, upande wa Ihumwa, huanza kwa kuuliza lile pipa la bluu kivulini lina nini. Akishajibiwa, maswali yanayofuata ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na yale ninayoulizwa kwa simu. Majibu yametoka kwenye udongo wetu: mwekundu, wa kichanga, wenye mvua za kifuku kati ya Desemba na Aprili, kisha miezi saba ya ukame na upepo. Ukiwa Lushoto au Rungwe vipimo vingi vitakufaa, ila yale ya chumvi na jua kali hayatakuhusu sana.

Mbolea ya maji ya majani ni nini hasa?

Ni maji yaliyonyonya virutubisho vya majani yaliyoozea ndani yake. Unakata majani mabichi, unayatumbukiza majini, vijidudu vinayala na kuyavunjavunja, na kilichokuwa kimefungwa ndani ya jani kinatoka. Potasiamu hutoka upesi, ndani ya siku chache, kwa kuwa ndani ya jani haijashikamana na kitu. Naitrojeni huchelewa. Imo ndani ya protini, na mpaka vijidudu viivunje protini hiyo ndipo igeuke kuwa amonia ambayo mmea unaweza kuitumia. Kwa hiyo pipa la siku 3 na pipa la wiki 2 ni vitu viwili, hata kama rangi zimeanza kufanana.

Kuna aina ya pili, ya kuchachua majani kwa sukari bila kutia maji. Hiyo imeenea zaidi kupitia mafunzo ya Cho Han Kyu wa Korea Kusini, aliyeanza kufundisha kilimo cha asili miaka ya 1960. Nitaieleza chini. Mtu akisema tu "mbolea ya maji" hapa kwetu, mara nyingi anamaanisha ile ya pipa, nami nitaitumia hivyo.

Nitumie majani gani hapa Dodoma?

Vitabu vingi vya bustani vinataja mimea ya Ulaya, na watu wanakata tamaa kabla hawajaanza. Acha hiyo. Angalia kilichopo kwako.

Bora kuliko yote, ukiyapata, ni majani ya alizeti pori, ule mmea wenye maua ya njano unaoota kando ya barabara mikoa yenye mvua. Majani yake yakikaushwa yana naitrojeni takribani asilimia 3.5, fosforasi asilimia 0.37 na potasiamu asilimia 4.1. Kwa jani linaloota bure hicho ni kiwango kikubwa sana. Kasoro ni kwamba Dodoma hayajajaa ovyo kama Mbeya au Kilimanjaro. Utayakuta mabondeni na kwenye ua za watu waliotangulia kuyapanda.

Kinachotuokoa wengi ni mlonge na lusina. Mlonge unavumilia ukame, unachipua haraka ukikatwa, na vijani vyake ni vyembamba kiasi kwamba pipani huyeyuka karibu vyote. Lusina ni jamii ya mikunde, hivyo ina naitrojeni nyingi, nayo huchipua tena baada ya kukatwa. Gilirisidia pia ni ya mikunde, kama umebahatika kuwa nayo.

Wakati wa kifuku usihangaike na miti. Mchicha pori, kishona nguo na magugu yote laini uliyopalilia shambani yanafaa, almradi uyang'oe kabla hayajatoa mbegu. Majani ya kunde na karanga baada ya kuvuna ni mazuri yakiwa bado mabichi. Yakishakauka na kuwa makavu kama karatasi, wape mbuzi au yatandaze juu ya tuta, pipani yatakupa kidogo sana. Shina la mgomba lililokatwakatwa linaongeza potasiamu, na mimi hupenda kulitia kwenye pipa la nyanya.

Chukua machanga. Jani la chini lililozeeka na shina lililokuwa mti havina thamani ya nafasi yanayochukua.

Yapi nisiyatumie?

Minyaa, kwanza kabisa. Nyumba nyingi za vijijini kwetu zimezungushiwa ua wa minyaa, na mtu anaweza kuona ni majani ya bure yamejaa mlangoni. Utomvu wake mweupe unachoma ngozi na ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Usiukate kwa ajili ya pipa, na usimtume mtoto aukate.

Mwarobaini ni dawa ya wadudu na pia unazuia vijidudu, vilevile ambavyo tunavihitaji pipani. Utengenezee ndoo yake. Mikaratusi iache. Majani ya nyanya, bilinganya au hoho yenye bakajani au mnyauko usiyarudishe bustanini kwa njia ya pipa, maana wiki mbili kwenye maji si hakika kwamba ugonjwa umekufa. Tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya.

Na majani ya kando ya shamba lililopuliziwa dawa ya kuua magugu usiyaguse. Baadhi ya dawa hizo hazivunjiki upesi. Zinapita pipani zikiwa hai na kukunja majani ya nyanya zako. Kabla hujafyeka kwa jirani, muulize amepuliza nini.

Inatengenezwaje?

Kwa anayeanza nashauri ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Pipa la lita 200 lije baadaye, ukishaijua harufu yake na jirani akishaizoea.

Kata majani asubuhi, upate kilo 4 hivi. Yakate kwa panga vipande vya urefu wa kidole. Ukiwa na kiroba kilichotoboka toboka, yatie humo pamoja na jiwe moja safi, ukifunge na kukizamisha. Jiwe si la mapambo: majani yanayoelea juu hayaozi vizuri, yanashika ukungu na kuvuta nzi. Jaza maji, bakiza upana wa kiganja juu kwa ajili ya povu. Funika kwa kipande cha chandarua kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, kisha mfuniko uliolegezwa juu yake. Weka kivulini. Juani maji yanakauka, ndoo inapasuka mapema, na naitrojeni yako inaondoka na hewa.

Siku ya pili au ya tatu utaona mapovu madogo yakipanda pembeni mwa kiroba, na maji yamegeuka kijani cha ukungu. Koroga kwa fimbo kila baada ya siku 2, dakika mbili zinatosha. Kufikia wiki ya kwanza povu linakuwa jeupe na zito, kama la pombe ya mtama inayochacha, na harufu imefika mlangoni. Wiki ya pili povu linashuka. Siku utakayofungua ukakuta maji ya kahawia yametulia, ukinyanyua kiroba kimekuwa chepesi, na ndani ukishika unapata vijiti na mishipa ya majani tu, imeiva.

Muda unategemea joto. Oktoba na Novemba, jua likiwa kali, siku 12 hadi 14 zinatosha. Juni na Julai usiku wa Dodoma ni baridi, nami huacha hadi wiki 3 au zaidi. Usihesabu siku tu, tazama povu.

Chuja kwa kitambaa. Kama utapulizia kwa bomba, chuja mara mbili, la sivyo utashinda shambani ukizibua pua ya bomba kwa sindano.

Maji ya kisima changu yana chumvi. Yanafaa?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu wa Dodoma aulize, na wachache huuliza.

Maji ya visima vingi hapa yana chumvi, mengine kidogo, mengine kiasi cha kusikika ulimini. Mbolea yoyote ya maji nayo ni chumvi ya aina yake, kwa maana ya madini yaliyoyeyuka. Ukitengenezea mbolea kwenye maji ya chumvi, ukaizimulia kwa maji ya chumvi, halafu jua likaja kunyonya maji na kuacha chumvi juu ya udongo, mmea unashindwa kunywa hata kama tuta limelowa. Unamwagilia, mche unanyauka, unafikiri ni kiu, unamwagilia tena.

Dalili ziko wazi ukizitafuta: utando mweupe juu ya udongo uliokauka, ncha za majani kuungua kuanzia kwa yale ya chini. Sabuni kukataa kutoa povu, na weupe unaoganda pembeni mwa sufuria ya kuchemshia maji, ni dalili za maji magumu, ambayo si lazima yawe na chumvi nyingi, lakini mara nyingi kwetu yanakuja pamoja.

Ukiwa na simtank ya kuvunia maji ya bati, tenga maji hayo kwa ajili ya pipa na kwa ajili ya miche. Hutayapata ya kumwagilia bustani nzima kiangazi chote, na hakuna haja. Ukiwa huna kabisa isipokuwa kisima, zimua zaidi: lita 1 ya mbolea kwa lita 20 za maji badala ya 10. Kisha mara moja kila wiki mbili mwagilia maji mengi kwa mpigo yashuke chini na kusukuma chumvi mbali na mizizi. Udongo wa kichanga unakusaidia hapo, maji yanapita. Kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, hayapiti, na huko nasema wazi: kama kisima ni cha chumvi, bakia na mboji, achana na mbolea ya maji.

Maji ya bomba yenye dawa ya klorini yaache wazi usiku kucha kabla ya kuyatumia.

Inanuka sana. Nimeharibu?

Ya pipa, hapana. Pipa la majani lisilonuka bado halijaanza kazi. Protini zinapovunjwa bila hewa ya kutosha zinatoa amonia na gesi zenye salfa, ndiyo ile harufu ya yai viza. Ukikoroga mara kwa mara inapungua. Kijiko kikubwa cha molasi au kipande cha sukari guru kwenye ndoo kinabadilisha uchachu na kupunguza makali, ingawa hakikati kabisa. Tandaza nyasi kavu juu ya chandarua, zinashika sehemu ya harufu.

La muhimu ni mahali pa kuliweka. Upepo wa Dodoma mara nyingi unatoka mashariki. Ukiweka pipa mashariki mwa nyumba, utalilalia na kuamka nalo. Liweke magharibi, na kama magharibi yako ni dirisha la jirani, nenda kaongee naye kabla, si baada. Mimi nilimpelekea jirani yangu fungu la mchicha wa tuta lililonyweshwa mbolea hiyo, na hadi leo tunasalimiana vizuri.

Ile ya sukari ni tofauti. Hiyo inatakiwa kunukia kama togwa iliyochacha au siki. Ikinuka uozo, au ikiota ukungu mweusi, imwage kwenye mboji. Ukungu mweupe juu yake hauna shida.

Kuna funza ndani. Na mbu?

Funza ni wa nzi waliopata upenyo. Hawadhuru mbolea, lakini wanakuonyesha kwamba chandarua kimelegea. Mbu ndio wa kuogopa. Maji yaliyosimama karibu na nyumba ni mazalia, na kati yao wapo wanaoeneza malaria na homa ya dengue. Pipa lisilo na chandarua kilichokazwa lisiwepo nyumbani kwako. Pia lisiwepo pipa ambalo mtoto mdogo anaweza kulifunua akachungulia akatumbukia.

Nizimue kwa kipimo gani?

Mwaka niliyoanza sikuzimua vya kutosha. Nilikuwa na majaruba matatu ya chainizi, miche ya wiki 3, ilikuwa Oktoba. Mbolea ilikuwa imeiva vizuri, nikaona kuizimua sana ni kuipunguzia nguvu, nikatia nusu kwa nusu na maji ya kisima nikamwagilia saa nne asubuhi. Jioni ile sikuona kitu. Kesho yake majani yalikuwa yamelegea kama yaliyochovywa maji ya moto. Siku ya tatu kingo zote zilikuwa za kahawia, na ukilishika jani linavunjika kama kaukau. Nilimwagilia maji matupu asubuhi na jioni siku nne mfululizo. Jaruba moja lilirudi. Mawili niliyang'oa, na katika jaruba la katikati nilikuta vimizizi vidogo vimekuwa vya rangi ya kutu.

Basi kipimo ni hiki. Kwa mboga iliyokwisha shika udongoni, lita 1 ya mbolea kwa lita 10 za maji. Kwa miche, au kwa kupulizia majani, lita 1 kwa lita 20. Bomba la lita 15 linapata robo tatu ya lita. Kwa miche ya kitaluni ambayo haijatoa majani manne, usitie kabisa.

Mapipa hayafanani, kwa hiyo tazama na rangi. Baada ya kuzimua, maji yawe kama chai ya rangi iliyokosa majani, ile unayoweza kuona sarafu chini ya kikombe. Yakiwa kama kahawa, ongeza maji. Na ukiwa na shaka, jaribu kwenye mmea mmoja wa pembeni, ungoje siku 3.

Nimwagilie wakati gani na mara ngapi?

Jioni, jua likishatua, juu ya udongo ambao tayari umelowa maji matupu. Usimwage juu ya udongo mkavu. Elekeza kwenye shina, na kama una matandazo yafunue kidogo, umwage, uyarudishe.

Mboga za majani kila baada ya siku 7 hadi 10. Nyanya, hoho na bamia kila wiki 2 mpaka zianze maua, kisha pipani punguza majani yenye naitrojeni nyingi na uongeze mgomba. Nyanya inayoendelea kunyweshwa mlonge mtupu inakuwa kichaka kizuri cha kijani chenye matunda machache. Vidukari nao hukimbilia majani laini ya namna hiyo.

Kwa zinazoliwa mbichi, kama giligilani na nyanya za kachumbari, usipulizie majani wiki 2 za mwisho kabla ya kuvuna. Mwaga chini tu, na jikoni osha kwa maji safi.

Inatosha peke yake bila mboji wala samadi?

Haitoshi. Najua si jibu ambalo watu wanalitaka.

Fanya hesabu nami. Kilo 4 za majani mabichi ya alizeti pori ni maji kwa sehemu kubwa. Ukiyakausha unabaki na kama gramu 800. Asilimia 3.5 ya hizo ni gramu 28 za naitrojeni, na hapo tumechukulia kwamba yote imetoka na hakuna iliyopotea hewani, jambo lisilotokea. Gramu 28 ni sawa na naitrojeni iliyomo kwenye gramu 61 za mbolea ya UREA, ambayo ina asilimia 46. Yaani ndoo nzima, wiki mbili za kukoroga, ni konzi moja ya UREA.

Hilo halinifanyi niiache. Konzi hiyo imekuja bila fedha, imekuja na potasiamu na madini mengine, na mboga inaipata ikiwa tayari, wakati ule inapodhoofu. Lakini kichanga chetu kinakosa kitu ambacho hakuna maji yatakayokileta: mabaki ya mimea yanayoshika unyevu. Ukimwaga mbolea ya maji kwenye kichanga kitupu, sehemu kubwa inashuka chini ya mizizi na umwagiliaji unaofuata. Ukimwaga kwenye udongo uliotiwa ndoo mbili za samadi iliyooza kila mita ya mraba na kufunikwa nyasi, inakaa. Kwa hiyo fedha na nguvu za kwanza zipeleke kwenye samadi. Dodoma ni nchi ya ng'ombe, na kuna maboma yenye samadi ya miaka ambayo mwenyewe anatafuta wa kuizoa.

Nimeona watu wana mapipa manne na hawana hata shimo moja la mboji. Wananiuliza mbona mchicha ni wa njano. Tuta ukilichimbua ni mchanga mtupu.

Naweza kuongeza majivu, samadi au mkojo wa ng'ombe pipani?

Majivu, usitie. Yanafanya maji kuwa ya alkali, yaani kinyume cha uchachu, na hapo amonia inageuka gesi na kuondoka. Ukiweka majivu kwenye pipa la mlonge utasikia harufu inapanda ghafla hadi machozi yakutoke, na hiyo harufu ndiyo naitrojeni uliyoihangaikia. Majivu yatandaze kidogo udongoni siku nyingine.

Samadi mbichi au mkojo vinaongeza nguvu, lakini vinaleta vimelea vya kuharisha. Tumia kwa mahindi, mipapai na miti. Kwenye mboga za majani mimi siviweki kabisa.

Na ile ya sukari, ina faida?

Inafanya kazi, ila pima mfuko wako. Unachukua vichomozi vichanga vya maboga au matembele alfajiri kabla jua halijatoka, bila kuviosha, kwa kuwa chachu ya asili imo juu ya majani. Kilo 1 ya majani yaliyokatwa, nusu kilo hadi kilo 1 ya sukari guru iliyopondwa, unavichanganya kwa mikono na kujaza chombo theluthi mbili. Funika kwa kitambaa cha pamba. Sukari inavuta maji kutoka ndani ya majani, na kesho yake utakuta utomvu umeshuka chini. Baada ya siku 5 hadi 7 unachuja.

Hii hutumika kidogo mno: sehemu 1 kwa maji 500, yaani vijiko 2 vya chakula kwenye bomba la lita 15. Chupa ya nusu lita inakaa muda mrefu. Mimi huitengeneza mara moja kwa msimu, kwa ajili ya miche iliyohamishwa. Kama sukari nyumbani ni ya kuhesabu vijiko, itumieni kwenye chai ya watoto. Ndoo ya mlonge itaifanya kazi.

Inaua wadudu?

Hapana. Kwa vidukari tengeneza maji ya mwarobaini na sabuni kidogo. Kwa kanitangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, hakuna maji ya majani ninayoweza kukuahidi.

Naweza kuihifadhi?

Tumia ndani ya mwezi mmoja, ikiwa kwenye dumu lililo kivulini lenye mfuniko uliolegezwa. Usikaze. Uchachu unaendelea kutoa gesi hata baada ya kuchuja, na dumu lililokazwa huvimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi, kisha hupasuka. Andika juu yake kwa rangi, maana kwa mbali inafanana na maji ya kunywa ya mtu mwenye kiu.

Mashapo nayapeleka wapi?

Kwenye mboji, au chini ya mpapai, ukiyafunika na nyasi.

Nina zabibu. Nitie?

Kwenye shina, baada ya kukata matawi, kipimo cha 1 kwa 10, mara moja au mbili. Usipulizie juu ya majani na usitie tena zikishafunga matunda. Naitrojeni nyingi inazalisha majani mengi yanayobanana, hewa haipiti, na ukungu unapata makazi ndani ya vichala.

Naweza kuitengeneza nikauza?

Mbolea ya kuuza Tanzania inasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, chini ya Sheria ya Mbolea ya 2009, na inatakiwa isajiliwe. Kumgawia jirani lita mbili ni jambo jingine. Kabla hujachapisha lebo, nenda kwa afisa kilimo wa kata yako akuelekeze.

Sasa ni Agosti, sina jani bichi hata moja. Nianzie wapi?

Anzia kwenye mlonge. Hata Agosti, mti unaopata maji ya kuoshea vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, unakuwa na majani. Kilo moja inatosha kwa lita 5. Ongeza maganda ya ndizi, majani ya nje ya kabichi ambayo sokoni yanatupwa kila jioni (omba, wanakupa), na shina la mgomba kama lipo.

Kisha jiandae na kifuku. Tafuta matawi ya alizeti pori yaliyokomaa kiasi, yakate vipande vya sentimita 30, na mvua za kwanza zikishalowesha udongo yachomeke kwa kuyalaza mshazari pembezoni mwa ua, nusu ya kipande iwe chini, hatua moja kutoka kimoja hadi kingine. Lusina ipande kwa mbegu. Zimwagie maji ya moto ambayo yametoka tu kuchemka, ziache zilale humo hadi asubuhi, ndipo uzipande. Vizungushie miiba, kwa sababu mbuzi wa mtaani watavipata kabla yako. Msimu wa kwanza usikate hata tawi. Wa pili, mimea ikifika kifuani, kata juu ya goti na uache ichipue.